Mgeni wa Kiti cha Kushoto

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, tarehe 16 Novemba 1993, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Saa hiyo haikukisiwa. Kila dereva wa kujitolea alikuwa na daftari la safari, na Oswaldi alikuwa amekwisha kuandika ndani yake, "Kusimama, saa 8:50." Alikula, akanawa kwa maji ya dumu, akatazama saa yake ili aandike muda wa kuondoka, kisha akafungua mlango wa Landrova na kuona kwamba mkanda wa kiti cha kushoto ulikuwa umefungwa.

Kiti kilikuwa kitupu, na yeye alikuwa peke yake tangu kijiji cha Milepa, bondeni. Alibonyeza kitufe, mkanda ukaachia, na vidoleni mwake ukabaki utelezi kama wa mate ya ng'ombe. Aliunusa. Ulinuka unga uliochacha, na chini ya unga kulikuwa na harufu nyingine, nzito, yenye mafuta. Alijifuta kwa majani, akapanda kuelekea Sumbawanga. Alipofika Chanji, mtaa wa mjini, na kuzima gari, mkanda ulikuwa umefungwa tena.

Gari lile lilikuwa la kikundi cha kujitolea cha parokia, la kubeba wagonjwa kutoka bonde la Rukwa, ambako hapakuwa na chombo kingine cha kutegemewa. Kabla ya kukabidhiwa funguo, madereva walifundishwa udereva wa kujihami kwa majuma mawili na mwalimu aitwaye Calvin, kijana mkavu asiyecheka. "Dereva wa kujihami haamini sikio," Calvin alikuwa akisema. "Ukisikia kitu nyuma yako, geuka ukione. Na gari haliondoki mpaka aliyekaa mbele amefunga mkanda." Oswaldi alikuwa na miaka hamsini na sita, naye aliwashinda vijana wote katika mtihani. Tangu hapo alisimama kupumzika kila baada ya saa mbili, kama alivyoagizwa, na siku ile alisimama kwenye kona pana ya mlima, ambapo wenzake hawakusimama.

Hawakusimama kwa sababu ya lori. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua mahindi, malori yalipanda mlima ule yakiwa yamejaa kupita kiasi, na watu wameketi juu ya magunia. Mwezi wa Juni moja lilipinduka hapo, na waliokuwa juu ya magunia wakawa chini ya magunia. Walikufa saba. Sita walichukuliwa na ndugu zao. Wa saba hakujulikana na mtu yeyote, naye alizikwa pale pale. Mahindi yaliachwa korongoni, na mvua za kwanza zilipoyapata yaliota na kuoza kwa pamoja.

Oswaldi aliiona hofu ya wenzake kuwa ushamba. Alikaa juu ya jiwe, akala ugali wake wa ulezi kwa samaki. Akiwa na tonge mdomoni alisikia mtu akikohoa nyuma yake. Mfipa aliyelelewa vizuri hali chakula mbele ya mpita njia pasipo kumkaribisha. Neno humtoka kabla ya fikira.

"Karibu," alisema, bila kugeuka.

Wapitao hujibu, "Ahsante, starehe," wakaendelea na safari. Huyu alijibu polepole, kwa sauti iliyojaa makohozi:

"Nimekaribia."

Oswaldi alipogeuka hapakuwa na mtu. Alifunika bakuli lenye nusu ya chakula, akanawa. Yaliyofuata yamekwisha kuelezwa.

Kuanzia juma lile gari lililalia upande wa kushoto, kama lililobeba mzigo. Oswaldi alilisugua kwa sabuni, akalisugua kwa dawa ya chooni, akakianika kiti juani siku mbili. Siku ya tatu mishono ya kiti ilitoa machipukizi ya mahindi, meupe kama funza, na alipoyang'oa mizizi yake ilikuja na nywele. Barabarani alisikia kutafuna, kutafuna kwa mtu asiye na kitu mdomoni, pamoja na kumeza mate.

"Shikamoo, mzee," alisema Edith, muuguzi aliyefuatana naye safarini, akiwa ameziba pua kwa kitenge. "Leo umebeba dagaa, au umebeba msiba wa dagaa?"

"Marahaba. Panda, mwanangu."

"Napanda nyuma. Huko mbele kuna mtu wako."

Alikuwa akitania. Baada ya safari ile hakutania tena.

Mwishoni mwa mwezi mama mmoja mjamzito alishuka garini akitapika, akakataa kabisa kurudi ndani, akaomba apandishwe mlima kwa baiskeli. Mtoto wake alizaliwa njiani, hakulia. Habari zikaenea bondeni kwamba gari la parokia linanuka kaburi, na watu wakaacha kuliita. Oswaldi alijua maana yake: wangekufa wengine nyumbani, na kosa lilikuwa la mdomo wake.

Alikwenda kwa Leonia, bibi mzee aliyetibu watu upande wa Laela. Bibi hakusogea karibu na gari. Alimsikiliza kwa mbali, kisha akauliza jambo moja tu.

"Ulipomkaribisha, ulimpa?"

"Sikumwona, bibi. Nilifunika bakuli."

"Basi unamfukuzia nini? Watu wa pwani wangemwita jini. Mimi naona mgeni aliyeitwa chakulani akafunikiwa bakuli. Anangoja. Na akichoka kungoja, atakula anachokiona."

"Nifanye nini?"

"Ukale naye. Pale pale, bakuli moja, mikono miwili, wako na wake, mpaka yeye mwenyewe aseme ameshiba. Usinyanyuke kabla yake."

 Oswaldi alishukuru, akaondoka, akaazimia kwamba hilo hatalifanya.

Ijumaa, tarehe 3 Desemba, aliitwa kwenye maboma ya wafugaji ng'ambo ya Milepa. Minza, mke wa Malimi, alikuwa na uchungu tangu juzi, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Malimi alizunguka gari mara mbili, akatema mate chini.

"Mzee, mke wangu haingii humo."

"Mwanangu, una ng'ombe wengi," alisema Oswaldi kwa upole. "Yuko ambaye atamfikisha hospitali leo?"

Malimi alimtazama Edith. Edith alitikisa kichwa kwamba hakuna njia nyingine. Wakampakia Minza nyuma juu ya godoro, mume kichwani pake, muuguzi miguuni.

Saa saba kasoro robo walifika kwenye ile kona, na gari likakataa kwenda. Injini ilinguruma, magurudumu yalizunguka, lakini gari lilikaa kama lililoshikwa kwa mkono. Oswaldi alivuta breki ya mkono, na Malimi akashuka kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Minza alilia kwa uchungu. Ndipo kule kutafuna kukakoma, na Oswaldi akauona mkanda wa kiti kitupu ukirefuka taratibu, ukijipinda kuelekea nyuma, kama aliyeuvaa amegeuka kumtazama mzazi.

"Mzee," alinong'ona Edith, "kuna kitu kinanidondokea magotini. Ni mate."

Oswaldi alichukua bakuli ambalo mkewe alilifunga alfajiri. Alishuka, akaketi kwenye lile jiwe, akalifunua.

"Karibu chakula," alisema. Safari hii aligeuka kutazama.

Kwanza ilikuja harufu, ile ya mahindi yaliyolowa yakaoza pamoja na kilichokuwa chini ya mahindi, ikamjaa puani na mdomoni hata akaionja, kisha ukaja mkono, mweupe, uliovimba kama punje iliyolowa maji, wenye vidole vilivyokosa kucha na mahali pa kucha pameota machipukizi, ukaingia bakulini kando ya mkono wake, ukamega, ukachovya, ukaacha kwenye mchuzi ute mrefu usiokatika, ukarudi, ukamega tena, na kila uliporudi vidole viligusana na vyake, baridi na laini, vikibonyea kama embe bovu, naye alikuwa akimega pia, akiweka mdomoni, akitafuna, akimeza, huku machozi yakimtoka na nyuma yake Minza akiita jina la mama yake, na hakudiriki kunyanyuka, wala kutema, wala kufumba macho.

Hatimaye mkono ulitulia. Ulijipangusa kwenye shati lake, mara mbili, kwa adabu.

"Ahsante. Nimeshiba."

Oswaldi alinyanyuka. Malimi aliondoa mawe, injini ikashika, na Landrova ikapanda bila kulalia upande, kama siku ilipoletwa. Minza alipasuliwa alasiri ile. Alizaa mtoto wa kike, na mtoto alilia.

Mengi yamesemwa kuhusu siku ile, na mengi si kweli. Wanasema ilikuwa usiku wa manane. Ilikuwa mchana, jua likiwa utosini. Wanasema padri alikuja na maji ya baraka. Padri alipata habari Jumapili. Wapo wasemao kwamba lile jini lilifukuzwa kwa dawa kali ya Leonia. Hakuna aliyelifukuza. Lilikaribishwa, likashiba, likaaga.

Wapo pia, hasa rafiki zake wanaomwonea huruma, wasemao kwamba Oswaldi alijifanya kula tu, akidondosha matonge pembeni. Hilo nalo si kweli. Malimi alimwona akimeza kila tonge. Alimwona pia akibaki jiweni dakika nzima baada ya kuagwa, kwa kuwa mgeni, kwa ustaarabu wake, alikuwa amemwachia mwenyeji tonge la mwisho, limeshindiliwa vizuri, lenye alama za vidole vile. Hakuna aliyemlazimisha kulila. Oswaldi alilila, akalamba bakuli. Hajawahi kukanusha. Ukimwuliza, hugeuza uso, akatema mate, akasema kwamba kinachomchukiza hadi leo si kule kula, bali ni kwamba tonge lile lilikuwa tamu.