Wema Alikuwa Wapi Jumapili

"Ni neno moja tu, mwanangu. Polisi wamemwita mchumba wako. Sema Jumapili ulikuwa na Jeremia, basi."

Mama Wema alikuwa akimfunga binti yake zipu ya gauni la sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Sebuleni, kamati ya harusi ilibishania rangi ya vitambaa vya meza. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu Meshack, mchoraji wa ramani za nyumba za matajiri wa Kigoma, akutwe amekufa kwenye ghorofa ambalo halijamalizika kujengwa karibu na Katonga. Wanakamati waliuliza tu kama msiba ule utaharibu sherehe.

"Mama, sikuwa na Jeremia."

"Najua."

"Na Thobias yuko mahabusu."

"Fundi cherehani ataachiwa tu, Mungu hamtupi mja wake. Sisi tuna jina."

Wema akafungua tena ujumbe ambao Thobias alimwandikia kabla hajakamatwa:

"Polisi wamefika. Wanasema asubuhi niligombana na Meshack. Usiseme tulikuwa wote, watakuaibisha. Mimi nitanyamaza."

Kugombana waligombana kweli. Meshack alimtukana mbele ya watu pale mtaa wa Mwanga, kisa suti aliyomshonea imembana. Lakini mchana kutwa Thobias alikuwa na Wema ufukweni Ujiji, wawili peke yao, wakitafuta namna Wema atakavyowaambia wazazi wake kwamba hamtaki Jeremia. Siku tatu Wema alikuwa amenyamaza kwa woga. Sasa aliona woga huo unakwenda kumnyonga mtu.

Akavua gauni, akavaa dera, akapanda bodaboda mpaka kituoni.

Jeremia, aliyeitwa kama wengine waliomjua Meshack, alikuwa amekaa mbele ya Afande Catherine, mpelelezi wa kesi ile. Pembeni alikuwa baba yake, Mzee Nikodemu, mwenye hoteli.

"Afadhali umekuja," Jeremia alisema. "Waambie."

"Dada, mchumba wako anasema Jumapili saa tisa, Meshack alipokufa, mlikuwa pamoja," afande akauliza. "Ni kweli?"

"Hapana, afande. Nilikuwa na Thobias. Picha tuliyopiga hii hapa, na saa iliyopigwa inaonekana."

Mzee Nikodemu akainuka kitini.

"Binti, watu watakuitaje?"

"Watakavyo, baba. Yeye hakuua."

Afande akamgeukia Jeremia.

"Basi wewe ulikuwa wapi?"

Jeremia akataka kusema.

"Nyamaza, tumsubiri wakili," baba yake akasema.

"Nimechoka, baba." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Meshack alijua nina mke na mtoto Bujumbura. Alisema atalitangaza jambo hilo siku ya sendofu. Nilimsukuma tukiwa juu ghorofani. Sikujua ataanguka mpaka chini."

Kesho yake asubuhi Thobias alitoka. Wema alikuwa akimsubiri nje ya geti na begi lake la nguo, kwani baba yake alikwishamwambia asilale tena kwake.

"Nilikuambia usiseme," Thobias alisema.

"Na mimi nikakutii siku tatu. Nisamehe kwa hizo."

Midomo ya Thobias ilikuwa imekauka.

"Mle ndani nilikuwa nakuombea unyamaze. Halafu mlango ukilia, natamani uwe wewe."

Wema akalia kimyakimya. Thobias akachukua begi.

"Twende Ujiji, ukakae kwa shangazi yangu Marcelina. Jumamosi nitamtuma kwa baba yako na barua ya posa."

"Hatampokea."

"Atarudi tena Jumamosi inayofuata."