Mwanzi Uliopima Chumba Chetu

Jioni hiyo nilitoka dukani na kilo mbili za misumari na kamba ya kujengea. Jua lilikuwa linashuka upande wa Kongo. Nilirudi kwa miguu, kwa sababu pesa ya boda ilikuwa imeingia kwenye misumari.

"Asubuhi bei ilikuwa nyingine," nilimwambia mwenye duka.

"Asubuhi imepita, dada," alisema.

Mimi si mtu wa kubishana. Nililipa.

Nyumba yetu iko pembeni mwa mji wa Koboko. Ni chumba kimoja chenye pazia katikati. Tuliishi humo mimi, mume wangu Siraji, binti yetu Bushira mwenye miaka sita, na mama yake Siraji. Mama mkwe alilala kwenye mkeka karibu na mlango, Bushira ubavuni mwake. Mvua ikinyesha, maji yalipita chini ya mlango. Mama alikunja mkeka, akampakata mtoto, akakaa hivyo mpaka asubuhi. Hakulalamika. Alisema tu, "Siraji, jenga hata kachumba. Mimi sitaki kubwa. Ya mkeka moja tu."

"Simenti, mama," Siraji alijibu. "Simenti iko juu."

Alijibu hivyo miaka mitatu. Mwaka wa tatu, wakati wa mvua, mama alifariki kwenye mkeka ule ule. Tulimzika Lurujo, kwenye shamba la watu wake.

Mimba yangu ya pili ilipoanza kuonekana, Siraji aliuza ng'ombe wawili walioachwa na mama. Tutajenga chumba kimoja cha kuegemea ukuta wa nyumba, alisema. Bushira atalala humo. Hakunitazama usoni aliposema hayo, na mimi sikumtazama.

Fundi wetu aliitwa Candia, mtu wa Adumi. Tulimchukua kwa sababu mafundi wa Koboko walitaka mara mbili ya bei yake. Jioni ile nilimkuta amechuchumaa uani, ameshika tepu iliyokatika vipande viwili.

"Mama Bushira, tepu imekufa," alisema. "Iko kitu ya kupima? Jua inaenda, na kesho nataka kuchimba msingi."

Niliingia ndani. Kati ya bati na boriti kulikuwa na mwanzi. Sikujua umekaa pale tangu lini. Ulikuwa mkavu, umenyooka vizuri, na kila ncha ilikuwa imefungwa uzi mweupe. Niliusimamisha mbele yangu, ukanifika kwenye nyusi.

Nikampa.

"Hii iko sawa kabisa," Candia alisema. "Tunafanya mwanzi mbili huku, mwanzi mbili huku. Unaokoa hata tofali."

Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kwa sababu ya matofali.

*

Yeyote aliyejenga hata choo anajua jinsi pesa inavyotoka. Ng'ombe wa kwanza aliisha kwenye msingi. Mchanga ulikuja nusu lori kwa bei ya lori zima. Maji tulinunua kwa jerikeni, kwa sababu kisima kilikuwa na foleni. Ukuta ulipofika kiunoni, simenti ilipanda tena. Nilianza kupika mara moja kwa siku. Usiku mgongo uliniuma, na Siraji alilala akitazama bati.

Wiki ya tatu Candia alinunua tepu mpya. Siku hiyo alipima chumba mara moja. Akapima mara ya pili. Akavua kofia.

"Mama Bushira, nani alihamisha ukuta?"

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Mimi niliweka mwanzi mbili, karibu futi kumi na moja," alisema. "Hii ni tisa na nusu."

Siraji aliporudi, aliyasikia maneno hayo kwa sikio lingine. Alizunguka nyuma ya nyumba, akahesabu matofali, akatoka amekunja uso.

"Wewe fundi, kama chumba imekuwa ndogo, tofali ingebaki mingi. Tofali yangu iko wapi?"

"Mzee, mimi nakula tofali?"

"Labda nyumba yako ya Adumi inakula!"

"Pima wewe mwenyewe. Shika tepu. Shika!"

Siraji alishika. Alipima kutoka kona hadi kona. Nilimwona akiinama, akisoma namba, akiisoma tena kwa kidole.

Ilikuwa futi tisa.

Matofali yalikuwa yamepungua, na chumba pia kilikuwa kimepungua. Siraji aliikunja tepu polepole, akasema anaenda kutafuta simenti ya mkopo.

Kuanzia hapo nilianza kusikia harufu. Simenti mbichi nilishaizoea. Hii ilikuwa kali, baridi, ya kuingia kichwani... Niliijua, lakini sikukumbuka niliinusa wapi.

Na Bushira alianza kupotea wakati wa magharibi.

Mara ya kwanza nilimkuta ndani ya chumba kipya, ambacho bado hakikuwa na paa, amekaa katikati ya sakafu ya udongo.

"Unafanya nini hapa?"

"Naongea na haboba."

Haboba, ndivyo alivyomwita bibi yake.

"Haboba alikufa, mwanangu."

"Najua," alisema, kana kwamba nimemwambia jambo dogo. "Anasema chumba ni kizuri. Lakini bado ni kikubwa."

Nilimshika mkono tukatoka. Sikumwambia Siraji. Alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa nimechoka, na mabati yalikuwa yameshalipiwa. Mtu aliyeshalipia mabati hawezi kuambiwa kwamba mama yake yuko ndani ya chumba.

*

Paa liliwekwa siku ya Alhamisi. Mabati yalizidi ukuta kwa hatua nzima kila upande, yakaning'inia kama kofia ya mtu mzima kwenye kichwa cha mtoto. Candia alipigilia msumari wa mwisho, akakusanya vifaa vyake haraka, akaondoka bila kunywa chai.

Siraji alikwenda msikitini. Upepo wa mvua ulianza. Umeme ukakatika.

"Bushira!"

Nilitoka mlangoni.

"Bushira!"

Nilitazama nyuma ya pazia. Nilitazama jikoni, nikatazama chooni. Kisha niliwasha tochi ya simu, nikasogeza gunia lililokuwa mlangoni mwa chumba kipya.

Harufu ile ilinipiga usoni. Safari hii niliitambua.

Karafuu maiti, ile aliyopakwa mama kabla ya kuvishwa sanda.

Niliingia. Nilinyoosha mkono wa kulia, nikagusa ukuta. Nilinyoosha wa kushoto.

Nikagusa ukuta wa pili.

Chini, kwenye udongo, Bushira alikuwa amelala. Hakulala kama anavyolala siku zote, miguu huku na mikono kule. Alikuwa amelala ubavu wa kulia, amenyooka, uso umeelekea kibla. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kulala hivyo.

Kando yake kulikuwa na mwanzi.

Niliinama kuuokota, niuondoe. Nilipousimamisha, nilitafuta ncha yake mbele ya nyusi zangu, pale ulipofika siku ile. Haikuwepo. Nilishusha tochi... kifua... tumbo. Mwanzi uliishia kwenye tumbo langu, pale mtoto wa pili alipokuwa akicheza. Ncha zote mbili zilikuwa bado zimefungwa uzi mweupe.

Sijui kwa nini nilifanya nililofanya. Niliulaza mwanzi kando ya binti yangu.

Kutoka kisigino mpaka utosini.

Ulikuwa sawasawa.

Hapo nikasikia sauti upande wa ukuta. Haikuwa sauti ya mtu. Ni sauti niliyoisikia kila jioni kwa miaka mitatu, nyuma ya pazia letu. Krrr... Mkeka mkavu unakunjuliwa, unatandikwa chini.

Nilipiga magoti.

"Mama," nilinong'ona. "Tusamehe. Chumba ni chako. Mtoto ni wangu."

Mkeka ulinyamaza.

"Chumba chukua," nilisema. "Mtoto ni wangu, mama."

Kisha Bushira, macho yamefumbwa, akasema taratibu, "Haboba anasema maji hayaingii humu."

Nilimnyanyua. Alikuwa mzito na wa baridi kama gunia la mchanga uliolowa. Nilitoka kinyumenyume, mgongo wangu ukikwaruzwa na ukuta, tumbo likikwaruzwa na ukuta mwingine. Nilipofika uani mvua ilikuwa imeanza, nikakaa ndani ya mvua mpaka alipolia. Sijawahi kufurahia kilio kama kile.

*

Usiku ule nilimweleza Siraji yote, na asubuhi akamwita shangazi yake Kadijah. Huyu ndiye aliyemwosha mama alipofariki. Alikuja na mkoba wake, akaomba chai, akaanza kututania kuhusu mabati.

"Siraji, hii ni nyumba ama mwavuli?"

Kisha akauona mwanzi, ambao Siraji alikuwa ameutoa chumbani na kuuweka uani. Kikombe kilimtoka mkononi.

"Nani alileta hii nyumbani?"

Aliinama, akashika fundo la uzi.

"Uzi hii ni mimi nilifunga," alisema. "Fundo ni yangu. Mwanzi hii nilipima nayo mama yako, nikakupa wewe mkononi, upeleke kwa watu wanaochimba kaburi. Siraji! Kipimo ya maiti inabaki kule kule!"

Siraji alikaa chini, kwenye rundo la mchanga. Alisema siku ile ya mazishi alikuwa kama mtu aliyepigwa rungu. Walipomaliza kufukia, alirudi nyumbani na kitu mkononi, hakujua ni nini. Alikichomeka juu, kwenye bati, asikikanyage. Akasahau.

Na mimi nilikuwa nimempa fundi.

Shangazi aliuinua mwanzi, akautazama kwa muda mrefu. "Mama yako alikuwa mrefu kuliko hii," alisema. "Mrefu sana." Akamtazama Bushira.

Tulimpigia simu Candia. Alisema alikata mwanzi kidogo, kipande hapa na kipande pale, apate vijiti vya kufungia kamba. Siraji alilishika jibu hilo kama mtu anayezama. "Umesikia? Amekata. Fundi mwizi, kipimo ya wizi, chumba inapungua. Imeisha." Wiki mbili baadaye mtu alituambia kwamba Candia amejenga jiko jipya kwake, la matofali ya kuchoma. Huenda ni yetu. Sijui.

Ninachojua ni kwamba mwanzi uliokatwa hauna uzi kwenye ncha zote mbili, wala fundo la shangazi.

Siku hiyo hiyo tulikwenda Lurujo, watatu kwenye boda moja, shangazi kwenye nyingine. Siraji alichimba kando ya kaburi la mama, upande wa kichwa, akaulaza mwanzi, akaufukia kwa mikono. Alilia. Alisema, "Mama, pesa haikuwepo." Alisema hivyo mara nyingi, na mimi nilisimama nyuma yake nimemshika Bushira mkono.

*

Chumba hakikurudi kuwa kikubwa. Kiko pale, chini ya mabati yake mapana, upana wa mkeka mmoja. Hatukukibomoa, kwa sababu kubomoa pia ni pesa. Tunaweka humo mkaa na jerikeni. Mvua ikinyesha, chumba chetu cha kulala bado kinaingia maji. Kile hakiingii hata tone. Mkopo wa simenti tulimaliza mwezi uliopita.

Harufu imekwisha. Bushira haongei tena na haboba. Mtoto wetu wa kiume, Swadiki, alizaliwa salama, na sasa anatembea akishika ukuta. Nguo zake zinambana kila baada ya miezi michache.

Bushira nilimshonesha yunifomu wiki ile tuliyochimba msingi. Ni zaidi ya mwaka sasa. Juzi shule ilipokaribia kufunguliwa, nilimvalisha nione. Iliishia kwenye goti, pale pale ilipoishia siku ya kwanza. Mabega yalikaa vizuri. Kifungo cha shingo kilifungika bila shida.

Siraji alifurahi. Alipiga makofi. "Alhamdulillahi! Mwaka huu yunifomu hatununui!"

Nilisema ndiyo.

Jana jioni nilichukua pesa ya sabuni na pesa ya maharage, nikampeleka Bushira kwa Zam, mwanamke anayeshona karibu na soko, aliyeshona ile ya kwanza. Nilimwambia nataka yunifomu mpya, kubwa, na pindo la chini liwe pana, mara mbili ya kawaida.

Zam alimpima. Akafungua daftari lake la mwaka jana, akatafuta jina kwa kidole. Akampima tena, begani, kiunoni, mpaka gotini.

"Mama Bushira," alisema kwa sauti ya chini. "Pindo kubwa hivi ya nini?"

"Mtoto anakua," nilimwambia.

Alitazama tepu. Alitazama daftari. Kisha akachukua mkasi, akakata kitambaa kama nilivyotaka.