Mwalimu wa Kiti cha Nyuma

Mpira ulikuwa unapumua. Salma aliusikia saa nne asubuhi, akichambua mchele mlangoni mwa nyumba yao ya mtaa wa Kikula. Ulining'inia msumarini sebuleni, mrefu kama bomba, mweusi, mgumu kwa uzee, una mdomo wa bati upande mmoja na vikofia viwili vya masikio upande wa pili. Katika ndege za mafunzo za wakati wa vita, mwalimu wa kiti cha nyuma alisemea humo, na mwanafunzi wa mbele akamsikia.

"Ni upepo," alisema mumewe Idriss.

Nje hata jani halikutikisika.

Idriss, fundi wa redio, alikuwa ameupata mpira huo kwa Guy, muuza vyuma chakavu, pamoja na daftari la safari za ndege ulimotumika. Mwaka mzima alikuwa akitafuta historia ya ndege hiyo. Mwaka 1943 ilianguka, mwanafunzi akafa, na babu yake Idriss, aliyekuwa fundi wa ndege hiyo, akafungwa kwa kosa la kutokaza waya wa usukani. Alifia gerezani. Mzee Ramazani, baba yake Idriss, alikua akiitwa mtoto wa muuaji.

Mchana huo Idriss alifika ukurasa wa daftari aliouhitaji. Wanafunzi wawili walikuwa wameanguka na ndege ileile kabla babu hajaajiriwa. Wote watatu, pamoja na yule wa 1943, waliruka peke yao. Lakini penye jina la mwalimu, mahali palipopaswa kuwa patupu, palikuwa na sahihi moja, mara tatu, ya mtu asiyekuwamo kwenye orodha ya walimu.

"Salma! Babu hakukosa!" alilia kwa furaha. Kisha, kwa kutaka tu kujua, akavaa vile vikofia.

Sauti ikamwambia, karibu kabisa: "Umechelewa, mupumbafu."

Tangu hapo nyumba ilinuka petroli na nywele zilizoungua. Harufu iliingia kwenye sufuria, kwenye shuka, hata kwenye maji ya kutawadhia. Idriss aliacha kujibu akiitwa na mkewe, ila akiwa peke yake alisikika akisema kwa unyonge, "Ndiyo. Ndiyo. Sitarudia."

Jumamosi walipanda pikipiki kwenda Koni kumwona dada yake Salma, na kwenye mteremko, jua likiwa utosini, Salma aliyekaa nyuma akahisi mtu mwingine amekaa nyuma yake, magoti yamembana kiunoni, pumzi ya petroli ikimpita shingoni kwenda sikioni mwa mumewe, na ile sauti ikaamuru, "Kushoto," na kushoto hapakuwa na njia, palikuwa na korongo na mawe, na Idriss akakata kushoto.

Salma alimvuta ukosi kwa nguvu zake zote. Wakaanguka ukingoni, pikipiki ikaenda chini bila wao.

"Unatafuta kutuua?" alinong'ona, midomo imejaa vumbi.

"Mwalimu alisema," Idriss akajibu.

Jioni ileile Salma alimleta Mama Tausi, shangazi yake, anayewasomea dua wagonjwa wa majini. Alipovuka kizingiti tu, mpira ukaanza kutukana, ukitaja jina la mama yake mzazi. Alisoma aya mpaka sauti ikamkauka, akanyunyiza maji ya waridi, kisha akanyoosha kidole, si kwenye mpira peke yake, bali kwenye daftari.

"Iko mu ile karatasi, mutoto wangu. Aliandika jina yake mule. Kama haiungue, haitoke."

"Mama, hapana!" Idriss akamaka. "Miye siko na ushahidi mwingine!"

"Basi chagua. Muke wako ao karatasi."

Idriss alimtazama Salma, aliyefungwa mkono kitambaa chenye damu tangu ile ajali. Akauweka mpira na daftari kwenye mbabula, jiko la makaa, kwa mkono wake mwenyewe. Makaa yakalia kama mtu anayekabwa, moto ukapanda mpaka darini, halafu nyumba ikanyamaza. Harufu ikaisha. Haikurudi tena.

Kesho yake Mzee Ramazani alikuja na fimbo yake, amevaa kanzu ya Idi.

"Salma alinitumia habari. Umepata ukweli ya papa yangu?"

"Nilipata, papa. Hakukosa kitu."

Mzee alifumba macho, akatabasamu kama mtoto. Kisha akanyoosha mkono. "Leta nione."

Idriss akamweleza yote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akainuka polepole.

"Miaka makumi nane," alisema. "Na ni weye mwenye kumufunga papa yangu tena."

Akatoka bila kuaga.