Printa Iliyobaki Goma

Kila siku saa nne na dakika ishirini asubuhi, kompyuta ya Mama Joséphine ilizimika. Kioo kiligeuka buluu, kikaomba radhi kwa Kifaransa, halafu giza. Siku ya kwanza Casimir, fundi wake, alisema ni joto. Siku ya pili akasema ni umeme, maana kwa fundi wa Lubumbashi umeme ndio wa kulaumiwa kwanza, na mara nyingi hakosei.

Siku ya sita visingizio vilimwishia. Aliketi katika depo ya Joséphine, ghala la mtaa wa Ruashi, kati ya magunia ya maharagwe, amechoka mpaka kuongea kulikuwa kazi. Miezi ile nani hakuwa amechoka? Goma ilikuwa imeanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Januari, na waliokimbia walifika na mabegi na habari nusunusu. Joséphine alikuwa ametangulia wiki moja kabla, pamoja na watoto wawili na kompyuta ya ofisi, aje kufungua depo mpya. Mumewe Ézéchiel angemfuata. Tangu mji uanguke, simu yake haikupatikana, na sasa ilikuwa Machi.

Élie, mdogo wake Ézéchiel, alitaka ndugu wakae kilio.

"Shemeji, ni miezi mbili. Tumulilie, apumuzike."

"Maiti iko wapi?" Joséphine akamjibu. "Ukimulilia muntu muzima, unamuitia kifo. Mimi siko naweza."

Siku iliyofuata Élie alirudi na maneno yale yale.

Casimir alikuwa ametafuta virusi, hakuona hata kimoja. Alikuwa amebadilisha memori. Mwishowe alisoma kumbukumbu za kuzimika kwenyewe, na kila mara mkosaji alikuwa mmoja: programu ya printa. Printa yenyewe ilikuwa nzito, ikaachwa Goma pamoja na karani wake.

"Mashini iko natafuta imprimante yenye haiko, maman. Nitatosha pilote yake, itatulia."

Akaitoa ile programu. Kesho yake, saa nne na dakika ishirini, ilikuwa imerudi. Akaleta diski mpya kutoka kwenye boksi, akaweka kila programu upya, bila waya wa intaneti. Alikuwa anatafuta bisibisi mfukoni aliposikia karatasi inavutwa. Akageuka. Hapakuwa na printa yoyote mle ndani. Sauti ikaja tena, ule mkwaruzo wa karatasi ikimezwa taratibu, na pamoja nayo harufu ya wino uliopata moto na ya moshi, na jua la asubuhi lilikuwa linawaka mlangoni na wabebaji wa magunia wanacheka nje na redio ya jirani inaimba, na juu ya kioo cha kompyuta, kutoka kwenye diski ile ambayo haijawahi kumjua mtu, pakajiandika, herufi moja moja kama mtu anayeandika kwa kidole kimoja, jina la printa ya ofisi ya kule, Bureau Goma, na chini yake neno moja: prête.

Iko tayari. Na hati moja ilikuwa kwenye foleni, inangoja.

"Papa Casimir," Joséphine alinong'ona nyuma yake, "ile harufu unaisikia?"

"Naisikia, maman."

Mafundi wa mji huu wana mazoea: foleni ikikwama, hawaifuti. Ukiifuta, inarudi. Huipa printa nyingine itapike, ndipo itulie. Casimir aliogopa, lakini mikono yake ilishazoea, ikatoa printa yake kuukuu garini na kuiunga kabla akili haijakataa. Ukurasa ukatoka wa moto. Juu palikuwa na kichwa cha barua cha biashara ya Ézéchiel na tarehe ya siku ile ile. Chini, mstari mmoja: *Munanyamaza sana. Munililie.*

Joséphine aliisoma mara mbili, akakaa chini sakafuni.

"Ni yeye mwenyewe anaomba, shemeji," Élie alisema alipofika na kuoneshwa ile karatasi, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Unataka nini tena?"

Hakutaka tena kitu. Wakakaa kilio siku tatu, viti vya kukodi uani, bamama kwenye mikeka, nyimbo za kanisani mpaka sauti zikakauka. Joséphine alilia yote aliyoyazuia miezi miwili. Siku ya tatu saa nne na dakika ishirini ilipita, kompyuta ikabaki inawaka. Casimir aliona nafuu, akaona na aibu kwa nafuu ile.

Walikuwa wanakunja mikeka simu ya Joséphine ilipoita, namba ngeni. Akaipokea, akaiweka sauti ya juu.

"Jo, ni mimi."

Mama mmoja akaangusha sufuria. Joséphine alicheka na kulia kwa pamoja, akamuita jina lake mara tano.

"Niko Kasindi, ku mupaka," Ézéchiel alisema. "Nilipitia Uganda, batu balinificha. Batoto beko bazima? Mungu asifiwe. Jo, ni Rigobert njo ananiuma roho. Siku ile nilimurudisha ku bureau a-imprimer papiers za malori. Bombe ikaanguka pale, akakufa. Sijaambia hata mama yake."

Joséphine akaitazama ile karatasi. Miaka kumi na moja karani Rigobert ndiye aliyeandika kila barua ya biashara ile, kwenye karatasi ya patron, tajiri wake, kwa jina la patron, hakutia lake hata mara moja. Wote walilijua hilo. Na katika miezi miwili hakuna aliyeuliza Rigobert yuko wapi.

"Jo? Nasikia batu banalia. Hapo kwetu ni kilio ya nani?"

Joséphine aliikunja ile karatasi. Élie alikuwa anaangalia ardhi. Ndipo wote uani, Casimir akiwa na mkeka begani, wakasikia ndani ya simu karatasi inavutwa, taratibu.

"Jo," Ézéchiel akasema kwa sauti ya chini, "huku mu nyumba hakuna courant ya umeme. Nani iko na-imprimer?"

"Toka!" Joséphine akapiga kelele. "Ézéchiel, toka inje!"

Lakini sauti ya Ézéchiel ilikuwa imeshasogea mbali na simu, na aliongea kwa upole, kama tajiri anayempokea mtumishi wake.

"Rigobert? Ni weye? Ingia."

Simu haikukatika. Ukurasa mmoja ulitoka, halafu mwingine, na sauti ya Ézéchiel haikusikika tena.