Majibu ya Sindano ya Hashimu

Simu ya Hashimu iliita akiwa anaoga. Mkewe, Ilham, akapokea.

"Habari yako. Napiga kutoka hospitali. Wewe ndiye Tatu, mke wa Hashimu?"

Ilham alimfahamu Tatu. Ndiye aliyekuwa akinunua karoti za shambani kwao na kuzipeleka Tanga mjini.

"Ndiyo," akajibu.

"Majibu ya ile sindano ya kwenye titi yametoka. Mje kesho saa tatu, wote wawili kama siku ile."

Hashimu alitoka na taulo kiunoni. Chini ya chuchu ya kushoto alikuwa na plasta ndogo.

"Wiki nzima unalala na fulana, unaniambia baridi," Ilham alisema. "Kumbe umechomwa sindano."

Hashimu akakaa kitandani.

"Nina uvimbe, mama Salimu. Daktari amevuta nyama kidogo wakapime kama ni saratani. Niliona aibu. Mwanamume mzima na ugonjwa wa titi, ningekuambiaje?"

"Tatu ulimwambiaje?"

"Sikumwambia. Aliugusa mwenyewe."

Alipotaka kulirudisha neno, lilikuwa limeshatoka.

"Aliugusa," Ilham alirudia taratibu.

"Nisamehe, mke wangu. Ni shetani tu."

"Shetani ndiye aliyemwandikisha Tatu hospitalini kuwa mkeo?"

Asubuhi Hashimu alimpigia Tatu mara nne. Hakupokea. Ukaingia ujumbe: "Nenda na mkeo. Mambo ya saratani mimi siyawezi."

Ilham aliusoma, akavaa baibui, wakaenda.

"Shikamoo, daktari," Hashimu alisema.

"Marahaba. Kaa." Daktari, mama mtu mzima, akaifungua karatasi. "Si saratani. Ni tezi la titi limevimba, na wanaume wengi hupata. Utarudi baada ya miezi mitatu tuangalie."

Hashimu alilia palepale. Walipofika nje akamshika Ilham mkono.

"Mungu ametupa nafasi nyingine."

Ilham akautoa mkono wake.

"Alhamdulillahi. Jana niliapa moyoni, ikiwa ni saratani nitakuuguza mpaka mwisho, na jina la Tatu hutalisikia kinywani mwangu. Nisingeweza kukuacha mgonjwa. Lakini wewe ni mzima, baba Salimu. Naomba talaka yangu."

Ilham akateremka peke yake hadi stendi, akapanda gari la Mnazi, kwa wazazi wake. Alianza kulia gari lilipoondoka.