Mafuta ya Alizeti kwenye Spika

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kabula alimsaidia baba yake kuwatoa ng'ombe zizini. Baridi ya Sumbawanga haina mchezo. Vidole vilikufa ganzi, na pumzi za ng'ombe zilitoka kama moshi wa jikoni. Siku hiyo baba alikuwa akipaka mafuta ya alizeti kwenye gurudumu la mkokoteni.

"Likikaza hili, nalipaka mafuta tu," alisema. "Linalainika lenyewe."

Kabula alikwenda na maneno hayo hadi shuleni, Kasense. Darasa la sita lilikuwa na kompyuta moja na spika zake. Redempta, ambaye macho yake hayakuona vizuri ubaoni, alichomeka hedifoni kwenye tundu la spika na kusikiliza masomo yaliyorekodiwa na Mwalimu Mariana. Tundu lilikuwa linakaza, na kila siku Redempta alihangaika nalo. Basi kesho yake Kabula akaja na kichupa cha mafuta. Wenzake walipotoka kucheza, alichovya kijiti akalipaka tundu lote. Alitaka kusaidia, basi.

Wiki haikuisha, vumbi likagandia mafuta yale. Hedifoni zikawa zinakwaruza tu, na hata zikichomolewa, spika hazitoi sauti. Ijumaa darasa likakosa nyimbo zake za kila wiki.

"Ni Popo huyo!" Malimi, mwenzao wa darasani, alipiga kelele. Popo ndilo jina walilompa Redempta. "Nani mwingine analipapasa lile tundu?"

"Redempta, usiziguse tena," mwalimu alisema kwa hasira.

Kabula aliinamia daftari lake.

Jioni Malimi na wenzake walimfichia Redempta ndala zake kwenye majani. "Popo, tafuta!" Alitambaa kwa magoti, mikono ikipapasa nyasi, nao wakicheka mpaka machozi. Vidole vyake vilikaribia kugusa ndala moja.

"Kabula, mbona wewe huchezi?" Malimi aliuliza. "Au wewe ndiye uliyeharibu?"

Kabula alisogea haraka. Akaipiga teke ile ndala, ikatumbukia mtaroni. Kicheko kikazidi.

Redempta aliinua uso. "Kabula, upo hapo? Nisaidie basi, dada."

Kabula aligeuka, akaondoka na wengine. Redempta alikwenda nyumbani pekupeku juu ya kokoto.

Jumatatu Redempta alikuja na baba yake, Mzee Loth.

"Mwalimu, nimekuja kumuagia binti yangu," mzee alisema. "Ubaoni haoni, na kusikiliza mmemkataza. Akakae Ilemba kwa bibi yake, afukuze ndege kwenye ulezi."

"Atawaonaje hao ndege?" Malimi alinong'ona, na darasa likacheka.

"Subiri kidogo, mzee wangu," mwalimu alisema. Alichukua bisibisi, akafungua spika. Akainusa. "Alizeti! Nani katia mafuta humu?"

"Popo!" darasa zima likaitikia.

Mzee Loth akamshika binti yake sikio, akalivuta. Redempta hakulia. Alifumba macho tu, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

"Mwachie, baba!" Kabula alisimama. "Ni mimi. Nilidhani litalainika, kama gurudumu la mkokoteni."

Hakuna aliyecheka.

Mwalimu alivizungushia vijiti pamba yenye spiriti, akasafisha tundu taratibu. "Humu mna vibati," alieleza. "Pini ya hedifoni ikiingia vinaachana, spika zinanyamaza. Ikitoka vinagusana, zinasema. Mafuta na vumbi vilivizuia." Alifunga skrubu, akawasha. Sauti ikajaa darasani, na watoto wakapiga makofi.

Redempta hakupiga. "Kabula," aliuliza, "na ile ndala, ni wewe?"

"Ndiyo. Nisamehe."

Redempta alipapasa mezani, akazipata hedifoni, akazivaa. Mzee Loth alimtazama binti yake akisikiliza, akaliweka begi la Redempta chini ya dawati, akatoka peke yake.

Mwalimu aliinua kijiti chenye pamba nyeusi, darasa zima likakiona.

"Kabula, kukosea kwako nakusamehe leo hii. Ungesema Ijumaa, tungemaliza kwa pamba hii. Ulinyamaza, mwenzako akaumizwa kwa ajili yako. Na mimi pia nilimhukumu bila kuuliza. Spika imepona. Lakini yale tuliyomwambia Redempta yameshaingia masikioni mwake, na pamba ya kuyatoa sina."

Kengele ililia. Kabula alitoka peke yake kwenda mtaroni kuitafuta ndala.