Waya Usiokuwamo Mchoroni

"Huu waya nani aliuchomea?"

Swali hilo aliliuliza Bisibisi mchana kweupe, sebuleni kwao, mbele ya watu wazima watatu wenye masikio yao, na hakuna aliyelijibu. Mama yake aliendelea kukunja shuka kana kwamba shuka lile lina ncha kumi. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alikohoa kile kikohozi chake cha heshima, ehem-ehem, kinachotangulia kila atakalosema. Akaongeza sauti ya redio. Mama mdogo, aliyekaa dirishani kama siku zote, alinyanyua mkono taratibu akajishika koo.

Bisibisi aliyaona yote. Ila kilichomkosesha raha zaidi ni kwamba waya ule ulikuwa wa moto, na mashine ilikuwa haijachomekwa popote.

Bisibisi si jina alilopewa na wazazi. Alilipata kibandani kwake, anakotengeneza redio na runinga, kwa sababu hajawahi kuona kitu kilichofungwa akakiacha kimefungwa. Cha safari hii kilikuwa kompyuta ya zamani ya nyumbani, ya zile ambazo kompyuta nzima imejificha ndani ya kibodi: unaichomeka kwenye runinga, na kazi zako unazihifadhi kwenye kaseti kama nyimbo. Aliikuta stoo nyuma ya mapipa ya maji, imeviringishwa shuka na kukazwa kamba kama maiti.

Ilikuwa ya mama mdogo. Na hapo ndipo damu ya Bisibisi ilipochemka, maana habari za mama mdogo alilishwa tangu hajaota meno. Eti alikuwa na akili kupita kiasi, akashinda na mashine, akasoma, akasoma, mpaka sauti ikamkauka kooni. Tangu usichana wake hajatamka neno. Kwa hiyo ninyi wasichana wa nyumba hii, someni kwa kiasi. Wavulana hawakuambiwa kiasi. Binamu zake wa kiume walisoma mpaka wakachoka, wengine walichoka mapema sana, na hakuna aliyekaukwa hata mate.

Basi alitaka jambo moja tu: aifufue ile mashine, aiweke mikononi mwa mwenyewe, halafu amwone atakayethubutu kurudia ule upuuzi.

Alibadilisha kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilizovimba kama shavu lenye jino bovu. Vitufe alivichomoa kimoja kimoja akaviosha kwa sabuni. Ganda lililogeuka manjano kwa uzee alilipaka dawa ya kupaushia nywele, akalianika juani hadi likarudia rangi yake. Kisha akavuka mpaka wa kutengeneza, akaongeza chake. Tundu la kaseti, ambalo siku hizi halina kazi, alilipandikizia kidude cha kurusha sauti bila waya, chenye kitaa cha buluu, ili mashine isikike kwenye spika yoyote, hata kwenye simu.

Ukabaki waya ule. Ulitoka tundu la kaseti, ukakatiza bodi nzima, ukaishia kwenye bati la chini, na risasi ya kulehemu imerundikwa juu yake ovyo ovyo, kazi ya mtu aliyekuwa anatetemeka. Kwenye mchoro wa kiwandani haumo. Kila fundi anayerudisha vitu vya kale katika hali yake ana kiburi chake, na cha Bisibisi kilikuwa hiki: kiraka cha mtu mwingine hakibaki.

"Ungeuacha tu, mwanangu," mama alisema bila kuinua macho.

"Kwa nini?"

"Basi tu."

"Basi tu si sababu, mama."

Akaukata. Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Aliichomeka mashine kwenye runinga, akaiwasha. Mstatili mdogo ukapepesa kwenye kioo cheusi. Kisha yakajiandika maneno mawili.

JINA LAKO?

Mashine za aina hii hazikumbuki kitu. Ukizima, ulichoandika kimekufa, na kaseti haikuwapo. Swali lile halikuwa na mahali pa kutokea. Bisibisi alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani, lakini mzaha wa kibandani ulimtangulia, akabofya: BISIBISI.

Mezani, ile bisibisi yake mpya yenye mpini mwekundu ilijigeuza taratibu mpaka ncha ikamwelekea yeye. Halafu, huku anaitazama, ikaota kutu kutoka nchani hadi mpinini.

HILO SI LA MTU, kioo kikaandika.

"Mama," alinong'ona, "njoo uone hiki kitu."

Kabla mama hajanyanyuka, runinga ilianza kuimba. Ilikuwa sauti ya msichana, nyororo, ya mtu anayejiimbia huku akichana nywele, na mama mdogo aliposikia alisimama dirishani, mdomo wake ukafunguka, midomo ikaanza kucheza sambamba na ule wimbo. Bisibisi akahisi machozi. Ilikuwa sauti yake! Haikukauka, haikuliwa na kitabu chochote, ilikuwa humu muda wote.

"Dada," sauti ikasema kutoka kwenye runinga, "nimefurahi mmenifungulia."

Mama mdogo alikuwa akitikisa kichwa. Hapana. Hapana.

"Nimefurahi sana," sauti ikarudia, ikicheka, na midomo ya mama mdogo ikafuata kila silabi huku kichwa kikikataa na macho yakimtoka, na sasa midomo ilikuwa ikichelewa kidogo, kama ya mtu anayeburutwa na kamba asiyoiona, na harufu ya nywele zilizoungua ikazidi hadi ikakaa kwenye ulimi, na nje watoto waliokuwa wakipiga mpira ukutani wakanyamaza wote kwa pamoja kama waliozibwa midomo na kiganja kimoja.

Bisibisi akaing'oa plagi. Runinga haikuzimika.

"Mama, niambie. Sasa hivi."

Mama alizungumza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuamsha mtoto. "Aliandika programu ya kuuliza mtu jina. Ya mchezo tu. Siku moja ikamuuliza kabla hajaiandika, naye akaijibu. Jina lake la kweli, lote. Ndipo jini likaingia. Halina sauti yake, mwanangu. Huazima. Huazima moja tu kwa wakati, na ukilipatia jina umelipatia na koo. Tukamleta mganga, akashindwa kulitoa. Akasema angalau alizibe lisipate pa kupitia, akauchomea ule waya."

"Na sauti yake ikazibwa humo humo."

"Ndiyo."

"Halafu mkatuambia ni kusoma!"

Ehem-ehem. "We mtoto, punguza ukali," mjomba alisema. "Mimi ndiye niliyeamua. Ungetaka niwaambie watu dada yangu kaingiliwa na jini? Nililinda heshima ya nyumba."

"Heshima ya nani, mjomba? Mlimnyang'anya hata kalamu!"

"Tuliogopa angeandika alichoamriwa."

"Kwa hiyo jini likachukua sauti, ninyi mkamalizia mikono. Sasa hapo nani ni nani?"

Bisibisi akaishika kibodi aing'oe kwenye runinga. Runinga ikacheka, kwa sauti ile ile nyororo, na herufi zikaanza kumiminika kwenye kioo, JINA LAKO JINA LAKO JINA LAKO, vitufe vikibonyea vyenyewe chini ya vidole vya Bisibisi ambavyo havikutaka tena kutoka kwenye kibodi, vimeganda pale kama vilivyotiwa gundi, na baridi ikimpanda kwenye viganja, kwenye viwiko, ikilitafuta koo. Mama akafanya kile ambacho mama yeyote angefanya. Alivuta pumzi amwite mwanawe kwa jina lake.

Mama mdogo aliruka kutoka dirishani akamziba mdomo.

Wakatazamana hivyo, dada na dada. Kisha mama mdogo akamwachia, akasogea mezani, akavibandua vidole vya Bisibisi kimoja kimoja, akakalia kiti. Mikono iliyonyimwa kalamu miaka yote ile ikajua pa kwenda. Alipiga vitufe bila kuvitazama.

FUNGA TENA, akaandika.

"Nikifunga, na sauti yako inafungwa!" Bisibisi alilia. "Nimeifufua hii mashine kwa ajili yako!"

NAJUA MWANANGU. SAUTI SI YANGU TENA. FUNGA.

Bisibisi alikishika chuma cha kulehemu kwa mkono uliotetemeka, akaelewa kwa nini kazi ya mganga ilikuwa mbaya vile. Sauti ikambembeleza. Ikamwahidi. Ikalia kama msichana aliyefungiwa stoo, na huko si kulia kwa uongo, maana ndivyo ilivyokuwa. Risasi ikayeyuka, ikatona, ikarundikana ovyo ovyo. Waya ukashika.

Sauti ikakatika. Nje mpira ukagonga ukuta.

"Tumshukuru Mungu," mama alisema, akaketi sakafuni palepale.

Bisibisi ndiye aliyekiona, na alikiona akiwa amechelewa. Mganga alikuwa ameziba mlango wa kaseti, na sasa mlango wa kaseti umezibwa tena. Lakini pembeni yake kile kidude kipya, alichokipandikiza yeye mwenyewe kwa mikono yake, kitaa chake cha buluu kilikuwa kinapepesa.

Simu ya mjomba ikalia mfukoni.

"Usipokee!"

Mjomba alimtazama kama wanavyotazamwa watoto wanaoamrisha wakubwa, akaipokea. Sebule nzima ilimsikia msichana upande wa pili akiuliza kwa adabu, samahani, naongea na nani? Naye mjomba, mtu wa heshima zake, ambaye hajawahi kuliacha swali la jina lake bila jibu kamili, akakohoa ehem-ehem, akataja lake, la baba yake na la babu yake.

Kitaa kikazimika.

Mjomba alifungua mdomo kusema neno jingine. Akaufunga. Akaufungua. Akajishika koo kwa mikono miwili, akamgeukia mdogo wake, na kwa mara ya kwanza tangu usichana wa huyo mdogo wake, alimtazama kama mtu anayesubiri kusikia.

"Kaka," mama mdogo akasema.

Ilikuwa sauti ya msichana, nyororo, mdomoni mwa mwanamke mwenye mvi. Haikuzeeka hata siku moja. Mama alilia aliposikia. Mama mdogo mwenyewe alishtuka, akagusa midomo yake, ikamfuata, haikuchelewa.

"Kaka," alirudia polepole, "kalamu nitakupa. Mimi sitakunyima."

Siku hizi ndugu zao wa mbali hupiga simu kulalamika. Wanasema mjomba anawapigia kwa namba ngeni, tena mchangamfu kuliko zamani, halafu anawauliza majina yao kana kwamba amewasahau. Mjomba yuko dirishani, anaandika, hana simu. Na simu hizo zimeshavuka ukoo, zinawafikia watu wasiomjua kabisa.

Basi nawe unayesikiliza, ukipigiwa na namba usiyoijua, na mzee mwenye sauti ya heshima akakohoa kwanza, ehem-ehem, kisha akakuuliza jina lako, tafadhali usimtajie. Kata simu.